Nati Nne za Motakaa ya Mzee

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi mliotutangulia katika madarasa haya na sasa mko makazini, mwaka huu sitaandika juu ya mpira wala juu ya safari yetu ya masomo. Nataka kuwaeleza habari ya nati nne. Najua kwamba nati ni kitu kidogo, tena mtu akiiona njiani haiinami kuiokota. Lakini hizi nne zilininyima usingizi usiku kucha, nami nimeona heri niziandike kabla sijaondoka shuleni, ili mwenzangu mwingine asije akafanya kama nilivyofanya mimi.

Kwetu ni Mururu, katika wilaya ya Rusizi, kule ambako watu wazima bado hupaita Cyangugu. Mwenye kupajua atakumbuka kwamba mahali pa tambarare ni haba. Mto Rusizi hutoka katika Ziwa Kivu na kuteremka kati yetu na Kongo, nao una nguvu hata umewekewa mitambo ya umeme. Sisi tunakaa juu yake katika vilima, na motakaa ikisimama kwetu, husimama mtelemkoni. Jambo hilo nawaomba mlikumbuke.

Mjomba wangu ana gereji ndogo huko Kamembe. Kila likizo ndefu humsaidia kazi, naye hunipa fedha za kununulia madaftari, sabuni na viatu. Kiswahili changu cha kwanza nilikipata palepale, kabla mwalimu wetu hajaanza kukisahihisha, maana wateja hutoka Bukavu, Bugarama na hata Burundi, na lugha ya gereji ni hiyo.

Spana za Mjomba zimepangwa ukutani kwa utaratibu, tangu namba 8 mpaka namba 24, na kila namba ni milimita. Zinatosha kazi zote za kila siku, kwa kuwa motakaa nyingi ziletwazo pale ni Toyota. Na hata zamani ilikuwa hivyo. Nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani, kisha na Wabelgiji mpaka mwaka 1962, na wote hao hupima kwa mita. Jirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanganyika walikuwa chini ya Waingereza, wenye kupima kwa inchi. Kwa hiyo mpaka kati yetu na wao ulikuwa pia mpaka wa spana, ingawa mimi sikulijua hilo.

Basi likizo iliyopita iliingia gereji motakaa ambayo kila mtu wa kwetu anaijua. Ni Land Rover ya miaka ya 1950, mali ya mzee mmoja jirani yetu aliyeinunua Uganda zamani. Bati lake ni la alumini, na rangi imekwisha kubabuka, lakini wazee wetu huiheshimu kama mtu. Ilipeleka wagonjwa hospitalini Gihundwe usiku wa mvua, na inasemekana watoto zaidi ya mmoja walizaliwa ndani yake kabla ya kufika. Siku hizi Mzee huiendesha Jumapili tu, kuwapeleka bibi vizee kanisani.

Ugonjwa wake haukuwa mkubwa. Chini ya motakaa kuna chuma kirefu kinachozunguka na kupeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka magurudumu ya nyuma. Mafundi hukiita shafti. Kiungio chake kimoja kilikuwa kimelika, kikigonga kila motakaa ilipoanza kwenda. Ilibidi shafti itolewe, kiungio kibadilishwe, shafti irudishwe. Kila ncha ya shafti hufungwa kwa bolti nne.

Mjomba alikuwa akienda Kigali kutafuta vipuri vya motakaa nyingine. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Ile Land Rover usiiguse mpaka nirudi. Spana zake si hizi zetu. Na ujue tena, breki yake ya mkono haishiki magurudumu. Inashika shafti." Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anavyoitikia asilolisikia.

Siku ya Ijumaa Mzee akaja. Akaniuliza kama motakaa yake itakuwa tayari Jumapili, kwa kuwa mjukuu wake atabatizwa. Kisha akasema, "Mjomba wako hayupo, lakini naona fundi yupo." Wenzangu, neno hilo fundi lilinilevya. Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Nikamwambia aje kuichukua kesho yake saa tisa.

Nikaingia chini ya motakaa. Nati za nyuma zilikuwa na nafasi, nikazifungua kwa ile spana yenye mdomo wa kupanuka na kubana, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika katika gazeti la shule. Za mbele, karibu na giaboksi, zilikuwa zimebanwa mahali pembamba, na spana ile haikuingia. Nikatwaa namba 15, ikakataa. Nikatwaa namba 16. Ikaingia, lakini ikawa inacheza. Nikavuta kwa nguvu. Ikateleza, na pembe za nati zikalika zikawa duara. Ya pili nayo hivyohivyo. Hapo mtu mwenye akili angetoka chini ya motakaa akaosha mikono. Mimi nilichukua tindo na nyundo, nikazipasua zote nne.

Shafti ikatoka, na kiungio nikakibadilisha vizuri. Hilo sina aibu nalo. Nikatafuta katika kopo la nati kuukuu, nikapata nne zilizoonekana kuwa na tundu la kadiri ile ile. Vichwa vyake vilikuwa vidogo kuliko vya zile nilizozipasua. Nililiona jambo hilo, nikalipuuza. Nilipozitia, zilikwenda kwa vidole mzunguko mmoja na kitu, kisha zikawa nzito. Nikafurahi. Nikajiambia kwamba zimeanza kukaza. Nikatia bomba refu kwenye mkono wa spana ili kuongeza nguvu, nikazisukuma mpaka mwisho, zikilia.

Siku ya Jumamosi Mzee akaja, akawasha motakaa, akaisikia haigongi tena, akacheka. Akanipa faranga elfu tano mkononi, akapanda kilima kwenda zake.

Jioni ile nilifagia gereji. Nikaokota kipande cha nati moja niliyoipasua, na katika lile kopo nikakuta nati ya tano, ndugu ya zile nne nilizozitumia. Sijui ni nini kilichonifanya niyalinganishe meno yake, yale mafundi wayaitayo hesi. Niliyaelekezea kwenye taa, hesi juu ya hesi. Jino la kwanza lilikaa sawa na la kwanza. La pili lilikaribia. La tatu likapanda juu ya mwenzake, na mwanga ukapita katikati. Nikahesabu kwa rula ya shule: ile ya zamani ilikuwa na meno 20 katika kila inchi, na ile yangu meno 24.

Hapo nikafahamu kwamba nati zangu hazikukaza. Zilikuwa zimekwama. Kwa mkono wa fundi mjinga mambo hayo mawili hufanana kabisa, maana yote mawili ni mazito. Lakini nati iliyokaza imeshikwa na meno yake yote, na iliyokwama imeyala meno yake mwenyewe.

Kisha yakanijia maneno ya Mjomba: breki ya mkono inashika shafti. Nati hizo zikiachia, shafti itaanguka, na breki ya mkono itakuwa haishiki kitu. Kesho Mzee ataisimamisha motakaa mbele ya kanisa, mtelemkoni, avute breki, ashuke kwa fimbo yake. Na watoto hucheza chini yake pale, kila Jumapili.

Sitawaficha yale niliyoyawaza. Niliwaza kwamba Mjomba atanifukuza, na mwaka wa mwisho nitaanza bila viatu. Niliwaza kwamba labda nati zitashika wiki moja, nami nitapata hila ya kuzibadilisha kwa siri. Niliwaza hata kwamba motakaa ya zamani ikiharibika, nani atasema ni kosa la mtu? Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa maradhi yalikuwa yangu, na kifo kingekuwa cha mwingine.

Mjomba alirudi saa mbili ya usiku, amechoka. Nikamwambia kabla hajavua viatu. Hakunipiga, wala hakunigombeza. Aliuliza neno moja tu: "Motakaa iko wapi?" Akatwaa kurunzi, tukaenda kwa miguu mpaka kwa Mzee. Tulipofika, jambo la kwanza alilofanya ni kuokota mawe mawili makubwa na kuyatia chini ya magurudumu, kabla hata ya kupiga hodi. Kisha akaingia chini ya motakaa. Nati mbili zilizunguka kwa vidole vyake. Alipoitoa moja, hesi za bolti zilitoka pamoja nayo, kama uzi mwembamba wa chuma uliojikunja. Akanipa mkononi uzi ule, asiseme kitu.

Mzee alikuwa amekwisha kutoka. Nikamweleza mwenyewe, kwa maana Mjomba alikataa kunisemea. Nikamrudishia faranga zake elfu tano. Mzee akanitazama kwa muda, akasema, "Kesho tutakwenda kanisani kwa miguu. Miguu yangu haina nati." Na mtoto alibatizwa, nasi sote tulikwenda kwa miguu.

Siku ya Jumatatu Mjomba akanipeleka Bugarama, kule chini bondeni kwenye joto, kwa fundi mmoja mzee aliyefanya kazi miaka mingi Kampala. Mzee huyo alifungua kitambaa chenye mafuta, na ndani yake zilikuwamo spana ambazo sijapata kuziona. Juu ya moja kulikuwa kumechongwa upande mmoja 5/16 W na 3/8 BS. Nikasema, "Mzee, mbona mdomo mmoja una vipimo viwili, na wote ni mpana kuliko vyote viwili?" Akacheka. Akasema, "Hapo ndipo vijana hupotea. Namba hizi hazitaji upana wa mdomo wa spana. Zinataja unene wa bolti." Alitumia spana ile kwa bolti ya Whitworth yenye unene wa 5/16 ya inchi, na pia kwa bolti ya hesi laini, iitwayo BSF, yenye unene wa 3/8. Tukapima mdomo wake: milimita 15.2. Ndiyo sababu namba 15 ilikataa, na 16 ikateleza.

Alitupa nati nne za kweli na bolti moja badala ya ile niliyoiharibu, akatuazima na spana. Kabla ya kutuaga alinifunza sheria yake. Alishika bolti, akaitia nati kwa ncha za vidole, ikazunguka mpaka mwisho bila kusita. Akasema, "Vidole viingize, spana ikaze. Nati ikivikataa vidole, usiipeleke kwa spana. Inakwambia kwamba si hapa kwao."

Niliporudi shuleni niliuliza na kusoma ili nijue chanzo cha fujo hii. Zamani kila karakana ya Uingereza ilikata hesi zake kwa namna yake, na bolti ya karakana hii haikuingia nati ya ile. Mwaka 1841 fundi Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja kwa wote, ambacho meno yake yana pembe ya digrii 55. Huko Marekani, mwaka 1864, William Sellers wa Philadelphia akatoa kipimo kingine, chenye pembe ya digrii 60. Katika Vita Kuu ya Pili mataifa hayo yalipigana upande mmoja, lakini bolti zao hazikupatana. Kwa hiyo mwezi wa Novemba 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya hesi moja ya wote, yenye digrii 60. Na mwaka uleule wa 1948, mwezi wa Aprili, Land Rover ya kwanza ilikuwa imeonyeshwa Amsterdam. Ilizaliwa, basi, miezi michache kabla ya mapatano, na kwa miaka mingi iliendelea kufungwa kwa bolti za kale, kisha kwa mchanganyiko wa kale na mpya. Nati zangu zilikuwa za mapatano. Bolti za Mzee zilikuwa za kabla yake. Unene ni mmoja, 3/8 ya inchi, lakini meno ni 24 kwa 20.

Sasa, kwa faida ya wenzangu wapendao ufundi, naandika kwa ufupi niliyojifunza.

Kwanza, pima kichwa cha nati kabla ya kugusa spana. Kalipa haidanganyi. Ukipata milimita 11.1, au 12.7, au 14.3, hiyo ni ya inchi ya kipimo kipya: 7/16, 1/2 na 9/16. Spana zake huandikwa AF, na hapo namba hutaja upana wa mdomo wenyewe. Ukipata 13.3, au 15.2, hiyo ni ya Whitworth: spana zake ni 1/4 W na 5/16 W. Ukipata 18, huenda ni 3/8 W, na hapo una bahati, kwa kuwa spana ya milimita 18 huikaa karibu sawasawa.

Pili, jihadhari na spana inayokaribia. Namba 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni 12.7, na nati ikiwa laini itafunguka. Ikiwa imeshika kutu, spana itateleza na kula pembe. Spana inayokataa kabisa haina hasara. Inayokubali nusu ndiyo iletayo hasara.

Tatu, kujua kichwa si kujua hesi. Weka bolti mbili kando kwa kando, jino katika jino, uzielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga katikati, si ndugu.

Nne, vidole kwanza.

Siku hizi mwenye fedha aweza kuagiza spana za Whitworth kutoka Uingereza kwa intaneti. Lakini nadhani nyingine ziko karibu zaidi. Ninyi wazee wa shule, mlio na baba na babu waliofanya kazi Uganda, Kenya au Tanganyika, tazameni masanduku yao ya vyombo. Mkiona spana yenye sehemu za inchi na herufi W au BS, msiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kuwa hamjui kazi yake. Iko motakaa mahali fulani inayoingoja.

Motakaa ya Mzee ilifungwa Jumanne, nati nne kwa vidole vyangu, na Mjomba akazikaza mwenyewe. Fedha zangu za likizo ile zilikwenda kwa petroli ya Bugarama, na mwaka huu navaa viatu vya mwaka jana. Mjomba hakunifukuza. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa, nikamwona Mzee akisimamisha motakaa mtelemkoni, akavuta breki, akashuka. Haikusogea. Lakini kabla ya kuingia ndani aligeuka, akaniashiria kwa fimbo yake jiwe lililokuwa kando ya njia. Nikaenda, nikaliokota, nikalitia chini ya gurudumu. Tangu siku hiyo kazi hiyo ni yangu.